Amina inayokwama kooni

Barua nyingi za mwezi huu zimenililia. Nimechagua tatu, kwa sababu waandishi wake hawafahamiani, lakini wangekutana wangeelewana hata kabla ya kumaliza kusalimiana. Majina nimeyaondoa, pamoja na chochote ambacho kingewatambulisha.

*

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 39. Mke wangu alifariki miezi minane iliyopita kwa saratani ya mlango wa kizazi. Aliugua mwaka mmoja na nusu. Tulifunga, tulikesha, tuliwekewa mikono. Mtumishi mmoja alitutamkia kwamba amepona, nasi tukasimama mbele ya watu tukashukuru. Wiki sita baadaye nilimzika.

Sijaacha kwenda ibadani. Nakaa kiti cha nyuma kabisa, watu wakiimba mimi nasikiliza tu. Mzee mmoja wa kanisa alinishika bega akaniambia kwa upole kwamba pengine tulikuwa na shaka kidogo, na shaka huzuia muujiza. Tangu siku hiyo nayageuza maneno yake usiku kucha. Yaani mimi ndiye niliyemuua?

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni binti yangu. Ana miaka 7. Mama yake ndiye aliyemfundisha kuomba kabla ya kulala, na sasa mimi ndiye ninayeketi kando ya kitanda. Anaomba mwenyewe, anawataja watu wote, na mwisho anasema, "Na umwambie mama nimejua kufunga kamba za viatu." Halafu ananyamaza, macho kayafumba, ananisubiri niseme "Amina" kama mama yake alivyokuwa akisema. Wiki ya tatu sasa neno hilo linanikwama kooni. Juzi alifumbua jicho moja akanitazama.

Shangazi, je, mimi bado ni mwamini? Na nikisema Amina ilhali moyoni hamna kitu, si namdanganya mtoto na kumdanganya Mungu pia?

Baba wa Binti Mmoja

Marahaba mwanangu.

Pole. Pole sana kwa mke wako, na pole kwa hiyo miezi minane ambayo watu wa nje wanaiona mingi na wewe unaiona kama juzi.

Nianze na yule mzee, maana hilo ndilo lililonichoma zaidi. Hukumuua mke wako. Ungekuwa hapa ningekushika mikono yote miwili nikakuambia tena: hukumuua. Saratani haiulizi mume anaamini kiasi gani kabla ya kusambaa. Wapo waliokuwa na imani ya kuhamisha milima wakazika wake zao, na wapo wasiosali kabisa ambao wake zao wamepona. Aliyekupa hesabu ile ya kwamba shaka kidogo ni sawa na kifo, alikutwisha mzigo ambao Mungu hakukupa.

Kafungue Ayubu. Rafiki zake watatu walipofika walikaa naye chini, ardhini, siku 7 mchana na usiku, bila kusema neno. Hilo lilikuwa jambo jema kuliko yote waliyomfanyia. Walipofumbua vinywa ndipo walipoharibu: lazima umekosa mahali, chunguza moyo wako, tubu. Ayubu naye hakukaa kimya. Aliilaani siku aliyozaliwa, akamdai Mungu jibu, akasema maneno ambayo leo akiyasema mtu kanisani wengine watamsogelea wamkemee. Sasa soma sura ya 42. Mungu anawakasirikia wale watatu, anasema hawakunena yaliyo sawa kumhusu Yeye kama alivyonena Ayubu. Ayubu yule yule mwenye kulalamika! Waliokuwa wakimtetea Mungu ndio waliohitaji kuombewa, na aliyewaombea ni yeye waliyemwumiza.

Nina sababu ya kuijua sura hiyo. Mwanangu wa kwanza alifariki akiwa na miaka 19, baada ya siku 11 wodini. Wakati huo nilikuwa na daftari la maombi. Kila asubuhi niliandika tarehe juu, nikapiga mstari, halafu chini yake nikaorodhesha majina ya watu wa kuwaombea. Baada ya mazishi niliendelea kukaa mezani saa ile ile. Naandika tarehe. Napiga mstari. Kalamu inasimama hapo. Nautazama ukurasa mweupe mpaka chai inapoa, nafunga daftari, naondoka. Kesho yake vile vile.

Daftari hilo ninalo mpaka leo. Nimelitoa kabatini nilipopata barua yako, nikahesabu. Kurasa 53 zina tarehe na mstari tu. Wa 54 una neno moja, nimeliandika kwa nguvu hata ncha ya kalamu ikatoboa karatasi: *Mbona?*

Kwa miaka mingi kurasa hizo ziliniona aibu nami nikazionea aibu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili. Ningewaambia nini watoto? Siku moja, Ijumaa Kuu, msomaji akafika pale Yesu anapolia msalabani, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Nikaisikia ile "mbona" kana kwamba mtu amesoma daftari langu kwa sauti. Wala si maneno aliyoyatunga papo hapo. Ni mstari wa kwanza wa Zaburi ya 22, sala ambayo watu wa Mungu walikuwa wakiisali kwa karne nyingi kabla yake. Mwana wa Mungu mwenyewe, alipofika mahali pabaya kuliko pote, aliomba kwa swali la kuazima.

Tangu hapo nilianza kuzisoma Zaburi kwa jicho jingine. Ziko 150, na zaidi ya theluthi moja ni vilio na malalamiko. Ya 13 inauliza "hata lini" mara nne katika mistari miwili tu ya mwanzo. Zaburi nyingi za namna hiyo huanza kwa machozi zikaishia kwa sifa, na sisi tunapenda sana kuwarukisha watu haraka wafike kwenye hizo sifa. Lakini ipo ya 88. Hiyo haigeuki. Mwandishi wake analia mchana na usiku, anauliza kwa nini Mungu anamficha uso wake, na sala inaishia gizani. Waliokusanya Zaburi waliiona, wakaiacha humo pamoja na nyingine. Hawakuiongezea mstari wa kufariji mwishoni.

Kwa hiyo unaponiuliza kama bado ni mwamini, mimi nakuuliza: hiyo "mbona" yako ya usiku, unamwambia nani? Mtu aliyeacha kuamini hana wa kumgombeza saa nane za usiku. Wewe unaye. Umemkasirikia, umemnunia, unakaa kiti cha nyuma nyumbani mwake. Lakini unakwenda, na unakaa.

Yupo pia Mama Teresa, ambaye dunia nzima ilimfahamu kwa tabasamu lake na kwa kuwahudumia waliokuwa wakifa barabarani. Mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, zilichapishwa barua alizowaandikia viongozi wake wa kiroho. Humo anasimulia giza na ukimya wa Mungu uliokaa naye kwa karibu miaka 50. Watu wengine walishtuka. Mimi nilizisoma nikalia kwa faraja. Sisemi giza lako litakaa hivyo, na namwomba Mungu lisikae hivyo. Nasema tu kwamba Kanisa lake lilizijua barua hizo, na mwaka 2016 likamtangaza kuwa mtakatifu.

Sasa turudi kitandani kwa mtoto.

Neno *Amina* limetufikia kutoka Kiebrania, na lina undugu na maneno tuliyoyapokea kwa Waarabu: amini, imani, amani, mwaminifu. Yote yana mzizi wa kitu kilicho imara, kitu unachoweza kukiegemea kisianguke. Na katika ukoo huo huo limo neno *amana*. Mtu akisafiri humwachia jirani kitu chake cha thamani, jirani akakitunza mpaka mwenyewe arudi. Kikiwa kwa jirani bado ni cha mwenyewe.

Nadhani miezi hii imani yako iko amana kwa binti yako. Usiogope. Katika Injili ya Marko, sura ya 2, yuko mtu aliyepooza. Watu wanne walimbeba, wakakosa njia kwa sababu ya umati, wakatoboa dari wakamteremsha. Imeandikwa kwamba Yesu "alipoiona imani yao" alisema naye. Imani yao. Yule aliyelala kwenye godoro hatuambiwi aliamini nini siku ile. Huenda alikuwa amechoka tu, kama wewe.

Mtoto naye usimfiche. Ana miaka 7, na jicho lake moja limekwisha kuona. Kesho mwambie hivi, kwa maneno yako: "Baba ana huzuni sana, na maneno ya sala yananishinda. Leo itikia wewe Amina, yangu na yako." Halafu mshike mkono. Hutakuwa umemdanganya mtu. Utakuwa umemfundisha jambo ambalo atalihitaji akiwa na umri wako, kwamba mtu anaweza kuja mbele za Mungu na mikono mitupu.

Kisha fikiria lile ombi lake la mwisho. Je, hutaki mama yake ajue kwamba ameweza kufunga kamba za viatu? Najua unataka. Unataka kuliko kitu kingine chochote duniani. Basi hapo kuna kitu kimoja unachoweza kukiitikia kwa moyo wote, hata kama yale mengine yote bado yanakushinda. Anza na hicho. Baba mmoja katika Marko 9 alimleta mwanawe aliyekuwa akiteseka tangu utotoni, akamwambia Yesu, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Sehemu zote mbili alizisema kwa pumzi moja, na mwanawe aliponywa. Mkeo hakuponywa, nami sina maelezo ya hilo. Anayekuambia anayo, mwogope kidogo.

Yule mzee, ukiweza, mwambie siku moja kwamba maneno yake yalikuumiza. Ukishindwa, kaa mbali naye kwa sasa. Tafuta mtu mmoja tu, mchungaji au rafiki, ambaye unaweza kumwambia "leo simpendi Mungu" naye asiruke kitini.

*

Assalaam alaykum Shangazi,

Najua wewe ni Mkristo, lakini nasoma majibu yako miaka mingi. Mwanangu alifariki akiwa na miezi mitano. Alilala jioni mzima, alfajiri hakuamka. Mwaka unakaribia sasa na bado nalia, hasa baada ya swala ya alfajiri. Ndugu wa mume wananiambia machozi haya ni kukosa subira, na kwamba ninapinga kadari ya Mwenyezi Mungu. Nimeanza kulia kwa kujificha. Nikiomba dua nahisi hakuna anayesikia. Je, nimekufuru?

Mama Asiye na Mtoto

Wa alaykum salaam mwanangu.

Kwanza ile sahihi yako. Wewe ni mama. Miezi mitano ulimnyonyesha, na kabla ya hapo ulimbeba tumboni. Hakuna anayeweza kukuvua jina hilo.

Kwa kuwa dini yako si yangu, sikutaka kukujibu kwa kubahatisha. Nilikwenda kwa mwalimu wa madrasa ninayemheshimu, nikamsomea barua yako. Alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Huyu mama hajasimuliwa habari za Nabii Yaakub?"

Alinionyesha Sura ya 12, Yusuf. Wanawe walipomletea kanzu yenye damu ya uongo, Yaakub alisema, "Subira ni njema." Ndiye baba wa subira katika kisa kile. Na mtu huyo huyo, ukifika aya ya 84, amelia mpaka macho yake yamekuwa meupe kwa huzuni. Wanawe wanamlaumu, kama wewe unavyolaumiwa: utaendelea kumtaja Yusuf mpaka uangamie? Akawajibu kwamba sikitiko lake na huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Mwalimu akaniambia hapo ndipo penye jibu lako. Subira na machozi vilikaa katika kifua kimoja, cha nabii.

Akanikumbusha pia siku Mtume Muhammad alipompakata mwanawe mdogo Ibrahim akikata roho. Macho yake yalitokwa na machozi. Mmoja wa masahaba akashangaa: hata wewe, Mtume wa Mungu? Akamwambia hayo ni rehema. Kisha akasema kwamba macho yanatoa machozi na moyo unahuzunika, lakini hatusemi ila lile linalomridhisha Mola wetu. Wakwe zako wanaujua huu mwisho wa maneno. Wakumbushe na mwanzo wake.

Na hilo la kuhisi hakuna anayesikia, alisema usome sura ya Ad-Dhuha, yenye aya 11 tu, ukiwa peke yako na bila haraka. Wahyi, yaani ufunuo wa Mungu kwa Mtume, ulikuwa umekatika kwa muda, wapinzani wakasema Mola wake amemwacha. Ndipo sura ile ikaja ikimwambia hakuachwa wala hakukasirikiwa. Mwalimu alipofika hapo sauti yake ilibadilika, na nikakumbuka kwamba yeye mwenyewe alizika mke miaka miwili iliyopita.

Langu mimi ni dogo. Acha kulia kwa kujificha. Mwambie mumeo kwamba alfajiri ndiyo saa ngumu, kwa sababu ndiyo saa uliyomkuta mtoto. Pengine hata yeye huamka saa hiyo akageukia ukutani, na kila mmoja anadhani mwenzake amelala.

*

Shangazi,

Daktari ameniambia nina sonona na amenipa dawa. Ni miezi minne silali, sina hamu ya kitu. Katika kikundi chetu cha maombi nimeambiwa kumeza dawa ni kumwonyesha Mungu simwamini, niziache nisimame kwa imani. Nimeacha siku tatu sasa na hali ni mbaya. Nifanye nini?

Mwenye Njia Panda

Mwanangu,

Mpigie daktari wako leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Mwambie umeacha dawa siku tatu na jinsi unavyojisikia, naye akuelekeze namna ya kuzirudia. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa kuonyesha matokeo, na kuziacha ghafla kunaweza kuleta kizunguzungu, kukosa usingizi zaidi, na ugonjwa wenyewe kurudi kwa nguvu. Siku ikifika ya kuziacha, mtazipunguza pamoja naye, taratibu.

Sonona ni ugonjwa. Huzuni au kukosa hamu kukidumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, na kukaharibu usingizi, kula na kazi, madaktari wanataka kukuona. Wewe una miezi minne! Waliokushauri vile wanavaa miwani, na mtoto akivunjika mguu wanampeleka akafungwe. Sijui kwa nini ubongo tu ndio wanaunyima tiba.

Nabii Eliya, katika 1 Wafalme 19, alikimbia jangwani akaketi chini ya mretemu akamwomba Mungu afe. "Yatosha," alisema. Mtu huyu alikuwa ametoka kushusha moto kutoka mbinguni, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba imani yake ilikuwa ndogo. Angalia Mungu alivyomtibu. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akamwonyesha mkate ulioiva juu ya makaa na chombo cha maji karibu na kichwa chake. Akala, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili akamlisha tena, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa mno kwake. Hakuhubiriwa wala hakukemewa. Mazungumzo mlimani, na ile sauti ndogo ya utulivu, vilikuja baada ya siku 40.

Dawa yako na usingizi wako vihesabu kuwa ule mkate. Maombi usiache, kikundi hicho unaweza kukiacha.

Neno la mwisho ni la muhimu kuliko yote. Kama kuna saa unatamani usiwepo tena, kama Eliya, usikae na wazo hilo peke yako hata usiku mmoja. Mwamshe mtu wa nyumbani, mpigie ndugu, au nenda hospitali iliyo karibu uwaambie waziwazi. Ukishazungumza na daktari niandikie tena. Barua yako nitaifungua ya kwanza.